Nilivyocheza Ng'ombe Johannesburg

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 2015, fahali alinirusha nje ya ua mbele ya watu waliolipa kiingilio. Wakacheka mpaka basi, wakidhani ndivyo tulivyopanga.

Kosa langu lilikuwa la Kipemba. Kwetu Pemba nimecheza ng'ombe tangu ujana: zumari linalia, wanawake wanaimba, na ng'ombe ana kamba ndefu iliyoshikwa na wanaume wa shoka. Mchezaji akishatamba na kitambaa chake hupiga goti mbele ya pembe ili ashangiliwe, maana anajua kamba itavutwa. Basi nami, kwenye uwanja ule nje kidogo ya Johannesburg, nikapiga goti. Kamba hakuna.

Mkuu wetu sisi wachekeshaji wa uwanjani, Mkongomani wa Bukavu tuliyemwita Chef, alinifuta mchanga usoni pamoja na rangi.

"Papa, huyu ngombe hana mwenye kumushika," akaniambia. "Na haukukuya hapa juu ya makofi. Ulikuya juu ya ule mwenye kuanguka."

Kuja kwa ajili ya anayeanguka: ndiyo kazi yenyewe, vijana. Mpanda fahali hutoka kizimbani mkono mmoja umeshika kamba iliyozunguka kifua cha mnyama, mwingine uko hewani; akidumu mgongoni sekunde nane hupata pointi. Akianguka, fahali humrudia. Hapo sisi wenye suruali pana na nyuso za rangi tunaingia katikati ili fahali atuandame sisi, mtu apate kutoroka. Watazamaji huona vichekesho. Mke wangu hakuona kichekesho chochote. Kila nikitoka nyumbani, mtaa wa Joubert Park, kwenda kazini aliniaga amenuna.

Tulizunguka kwenye maonyesho ya wakulima, mara huku, mara kule. Meneja wa maonyesho alikuwa na agizo moja tu: "Watu wacheke, na ng'ombe asiumie." Wapandaji aliwasahau kila mara, na jambo hilo liliniudhi mno.

Mwaka 2018 akanaswa Themba, kijana wa Soweto. Kunaswa ni mkono kukwama kwenye kamba wakati mpandaji ameshaanguka, naye anaburutwa ubavuni mwa fahali. Nilimwona anapigwapigwa kama nguo kwenye jiwe la kufulia. Niliogopa, wallahi.

"Papa, kichwa!" Chef akapiga kelele. "Enda ku kichwa!"

Nikaenda. Niliweka kiganja kwenye paji la fahali, nikamzungusha kuelekea upande aliokuwa Themba ili asiweze kukimbia naye. Chef akaingia ubavuni, akavuta ncha ya kamba. Haikuachia. Akavuta tena, mkono ukatoka, na pembe ikanipata gotini.

Themba aliinuka akitukana kwa kukosa pointi. "Eish, nilikuwa nimebakiza kidogo tu!" Nilifurahi kuyasikia matusi yale kuliko shangwe zote za Pemba.

Goti lile ndilo lililonistaafisha mwaka 2019. Vijana wa mtaa wa Hillbrow huniuliza nimewashinda mafahali wangapi. Sikumshinda hata mmoja; wote walirudi zizini wazima, na niliwapenda.

Mwaka huohuo Themba akaoa, akanialika. Nilikaa pembeni na mguu wangu nimeunyoosha. Muziki ulipokolea, bwana harusi akanijia.

"Baba, simama tucheze."

"Goti, mwanangu."

Hakunisikiliza. Akanipa mkono, uleule uliokwama, ukanivuta kutoka kitini.