Mikwaruzo Miwili

Fundi wa ving'ora alikuwa na vidole vinene, lakini kifuniko cha rimoti alikibandua taratibu, kama anayemvua kiatu mtoto aliyelala. Betri aliipuliza kwanza, akaifuta kwenye shati, ndipo akaipachika. Alibonyeza kitufe cha sanduku la ukutani mpaka kijitaa kikaanza kupepesa, kisha akabonyeza rimoti. "Haya, fahamianeni," alivinong'oneza, na kijitaa kikatulia, kijani.

Bibi mwenye nyumba alikuwa kitini, akimtazama. Tangu wezi wamvunjie mlango mchana kweupe, halali ila taa ikiwaka. "Mwanangu, vitufe vyote vinne vimefanana," alisema. "Nikishikwa na hofu, cha king'ora nitakijuaje?" Fundi aliitia rimoti mfukoni, akafumba macho, akakitafuta kitufe kwa kidole gumba. Akakosea. Akarudia, akakosea tena. Basi akatoa kisu kidogo, akakitia kile kitufe mkwaruzo, akaupapasa, akaongeza wa pili. "Sasa zamu yako, bibi. Fumba macho." Bibi akafumba. Kidole chake kikatambaa, kikasita, kikabonyeza. King'ora kikalia hadi vioo vya madirisha vikatetemeka, na jirani akaja mbio na mwiko mkononi. "Zima basi, bibi!" fundi alipaza sauti, kaziba masikio. "Ngoja kwanza, mwanangu," bibi akasema huku akicheka, macho bado kayafumba. "Na wale wezi wasikie huko waliko."