Dawa ya Meno kwa Macho ya Gari

Siku moja, kabla daraja halijajengwa, tulikuwa tunasubiri kivuko cha Mto Kilombero. Dereva mmoja wa pikapu, aliyekuwa anavuka kumchukua bibi harusi na kurudi naye jioni, akazionea aibu taa zake za mbele zilizogeuka njano. Akatoa dawa ya meno na soksi kuukuu, akasugua plastiki ile mpaka jasho likamtoka. Sisi wa foleni tukageuka mafundi.

"Suuza sasa, baba!" alielekeza mama mmoja.

Akasuuza. Taa zikang'aa, mama akapiga vigelegele.

Mfugaji wa Kisukuma akasogea na fimbo yake. "Sisi ng'ombe akitibiwa jicho, tunampungia mkono tuone kama atapepesa. Hebu washa."

Dereva akawasha. Mfugaji akainama, akapitisha kiganja mbele ya taa ya kushoto, kisha ya kulia. Kiganja hakikupata hata chembe ya mwanga.

"Macho mazuri," akasema kwa huruma. "Ila huyu haoni."

Dereva mwenyewe alicheka, kisha akaanza kuulizia balbu foleni nzima.

Tangu hapo, nikiingia ofisi iliyopakwa rangi mpya, napunga mkono kwanza pale kaunta, nione kama kuna atakayepepesa.