Kikombe Juu ya Mashine

Kila asubuhi, seremala wa Kabondo aliweka kikombe cha maji juu ya msumeno wake mpya wa umeme, alioununua ili kuchonga majina kwenye misalaba ya makaburi. Akiuwasha na maji yakitikisika, aliongeza kipande cha mpira wa kuzuia mtikisiko chini ya miguu ya mashine, akakaza wembe mwembamba wa msumeno, akaugonga kwa ukucha, akasikiliza. Ule wa zamani aliutupa. Alisema unapindisha majina ya wafu.

Siku ya tano, mashine ikinguruma, maji yalitulia tuli.

“Papa, haitetemeke tena,” binti yake Joëlle alisema.

“Bon. Tutaona.”

Akakiinua kikombe. Kikatetemeka mkononi mwake, maji yakamwagikia vidole. Joëlle akajifanya anatafuta kitambaa.

“Kumbe ule msumeno wa zamani nilikuwa nausingizia bure,” baba akasema.

Akavaa kofia, akatoka. Joëlle hakuthubutu kuzima mashine mpaka umeme ulipokatika wenyewe. Papa yake hakurudi tena karakanani.