Kasala ya Mama Clotilde ku Naviundu

...na tena musinirudilie ile maneno ya ndeke. Banasema muzee alianguka na ndeke yake ya bulozi, ya uchawi, banasema mafuta iliishaka pale yulu ya lupango, kiwanja ya nyumba ya bantu. Mafuta gani? Mama Clotilde hata taxi-bus inamutapisha. Mutu wa miaka makumi saba na ine, miguu inavimba, leo munamupa permis ya kuendesha ndeke. Ngoja tuseme vile ilikuwa.

Mama Clotilde aliuzisha bilamba, nguo, ku soko miaka makumi tatu. Ukipita kwake mara moya, ukirudia mwaka ingine, anakuambia: ulikamataka ile ya maua ya blue, ya ndoa ya dada yako, na ule dada anazaa? Kichwa yake ilikuwa magasin muzima. Alifika Lubumbashi na train, bibi-arusi wa miaka kumi na saba, toka Kasai. Halafu quatre-vingt-douze ikafika, mwaka wa 1992, bakaanza kufukuza bantu ya Kasai mu Katanga. Mama alisimama nyuma ya mulango, batoto chini ya kitanda, na banaume ba nje banauliza lupango kwa lupango: humu munasema luga gani? Akabajibu na Kiswahili, safi, bila kutetemeka. Bakapita. Toka ile siku Tshiluba, luga ya Kasai, haikutoka tena mu kinywa yake. Hata batoto hakubafundisha. Cathy, mutoto wa mwisho, hajue hata kulomba chumvi na ile luga.

Sasa miaka mbili hii, magasin inafungwa, rayon moya moya. Kwanza majina ya baclientes, banunuzi bake. Kisha chungu inabaki ku moto mpaka inaungua. Siku moya akauliza Cathy na adabu yote: "Mama, weye ni mutoto wa nani?" Cathy akacheka, kisha akaenda kulia mu douche. Nyuma Kifransa ikaenda, Kiswahili nayo ikaenda, ikabaki tu ile luga alizikaka. Analomba maji, Cathy anamuletea kitambala. Mama anakasirika, Cathy naye anakasirika, kila mutu analala na kilio yake.

Ile asubui Cathy alienda kuchota maji, hakufunga portail muzuri. Mama akatoka na sandale moya. Alikuwa na kitu moya tu mu kichwa: train ya kurudia kwabo. Akateremuka toka Bel-Air, mtaa yabo, mpaka Naviundu, karibu na mto. Pale train ikamutoka mu kichwa. Njia inafanana na njia, nyumba inafanana na nyumba. Akatafuta jina ya mutu wa kubilika, wa kuita, haikukuya. Akatafuta jina yake mwenyewe, nayo haikukuya. Akaona lupango haina mulango, akaingia, akaikala chini ku ukuta.

Mwenye lupango, Mama Edith, akatoka na ndoo yake. Anaona muzee hamujue, pagne imeloana na umande. Na ndani mutoto yake iko na homa siku tatu. Musimutukane sana: ukiogopa juu ya mutoto, akili inakuwa fupi. Akalia, akaita majirani, na kiloko tu lupango ikajaa bantu. Unaitwa nani, muzee? Unatoka wapi? Hajue. Na munajua kwetu: muzee akipatikana asubui mu lupango ya bengine na hajue jina yake, kesi imeisha, ni mulozi. Alikuwa anaruka usiku, jua ikamukuta.

Clovis, kijana ya kuuzisha makala ya kupikia, mwenye kinywa mukubwa, akasema: "Tantine, ndeke ilipata panne, mafuta iliisha?"

Bantu bakacheka. Ile kicheko njo ilikuwa mubaya, juu nyuma yake jiwe ya kwanza ikatoka. Ikamupika ku bega. Clovis akatuma mutu ku kona kwa Constantin, fundi wa pneu, mipira ya magurudumu, alete moya ya zamani ya kumuchomea.

Mama Clotilde hasikie tena maneno. Anaona miguu tu, miguu mingi ya banaume, na vumbi, na quatre-vingt-douze inarudia muzima mu kichwa. Batoto bako wapi? Chini ya kitanda? Kitanda iko wapi? Akatafuta ile Kiswahili ilimuokoaka, hakuna. Mukojo ikateremuka. Halafu kinywa ikafunguka peke yake, na Tshiluba ikatoka: Bilonda wa Kazadi, Kazadi wa Ntumba, bantu ya mto Lubilanji, bantu habakimbie simba. Ilikuwa kasala, ule wimbo Baluba ba Kasai banatajaka ndani yake bankambo yabo, babu na bibi, na sifa yabo, bafu na bazima.

"Munasikia? Iko anaita balozi benzake," bantu bakasema. Bakarudi nyuma kiloko, kisha bakakuya karibu zaidi.

Constantin alifika na pneu ku bega. Ndiyo, aliileta, hata leo anakubali. Halafu akasikia ule wimbo, wimbo nkambo yake alimuimbiaka akimuosha mu bassin. Mu ile avenue kila mutu alijua Constantin ni wa Likasi, humu mu Katanga, basi. Akisema kitu, anajionyesha mutu ya Kasai, katikati ya bantu benye mawe. Akaweka pneu chini, akaikala yulu yake, mbele ya mama.

"Moyo webe, mamu," akamusalimia na Tshiluba.

Mama akamuangalia sana.

"Kumbe weye Constantin ni mutu ya Kasai," Clovis akasema, pole pole. "Unatufichaka."

"Nilificha. Lakini mulozi njo anafichaka jina. Uyu anataja jina yake, baba yake, nkambo yake, mpaka mto banachotaka maji. Weye Clovis, nkambo ya baba yako aliitwa nani?"

"Nitauliza kwetu," Clovis akasema.

"Basi mulozi tunaye," mama moya akasema, na bengine bakacheka. Mawe ikaanguka chini moya moya. Ingine ilibaki mu mukono mpaka mwisho, Constantin aliziona.

Akakamata sauti ya mama na simu, akatuma mu groupe WhatsApp ya bantu ya Kasai na adresi. Karibu saa sita ikafika kwa Cathy, mwenye alikuwa anazunguka mu bahospitali yote. Hakuelewa neno hata moya, lakini sauti ilikuwa ya mama yake. Akakuya mbio. Mama akamusalimia na heshima, kama mugeni. Cathy hakujua ajibu nini, akauliza Constantin: "Mama iko anasema nini?"

Bega ya mama haiyapona. Cathy anaweka kufuli mbili na analala ku mulango, juu mu njia bangali banasongota, banasema ni mulozi. Kila mutu anajua mama iko wapi.

Weye mwenye kusoma, kama uko na muzee ku nyumba, kamata sindano, shona jina yake na numero yako mu pindo ya kila kivalo. Umuulize bankambo yenu leo, ungali unaelewa luga yake. Na ukikuta muzee ya bengine mu lupango yako, weka jiwe chini, mupe maji, bilika chef wa quartier, mukubwa wa mtaa. Inuka, ufanye.