Saa ya Bure ya Novemba

Juzi tulikuwa kwa mdogo wangu kule Woodbridge, na mabishano ya kila mwaka yakaanza tena: huu mtindo wa hapa Marekani wa kusogeza saa mbele March na kuirudisha nyuma November, ukomeshwe ama uendelee? Shemeji, mkewe, akalalamika kwamba watoto wananuna wiki nzima. Mdogo wangu akaruka: "Waondoe ile ya March, lakini November waiache, kaka. Nitaimiss ile saa ya bure!" Wakacheka wote. Mimi nikamtazama mama, aliyekuwa ameshika kikombe chake, nikaona aibu.

Ungeiona Jumapili ile ya November, tulipokuwa watoto kwenye nyumba yetu ya Oxon Hill, nawe ungeipenda. Bibi, aliyeihamishia Unguja nzima kwenye jiko la umeme, alikuwa ameloweka mchele tangu Jumamosi. Kazi yangu mimi ilikuwa kupanda kiti na kuirudisha nyuma saa ya ukutani. Nikishuka tu, bibi husema, "Haya, tumepewa saa, na unga nao upewe," akaufunika uzidi kuumuka. Baba, ambaye siku nyingine alitoka na teksi yake tukiwa bado tumelala, siku hiyo alikaa nasi akiwa amejifunga msuli wake kiunoni, akitupozea chai ya tangawizi kwenye kisosi. Nyumba ilinukia iliki na nazi. Vitumbua tulivigombania vikiwa vya moto, vidole vikituungua.

Mama hakuwepo. Alikuwa ng'ambo ya mto, zamu ya usiku, akihudumia wazee kwenye nyumba yao ya kulelewa. Alipoingia, saa ya ukutani ilionyesha wakati wake wa kawaida, kwa hiyo hakuna aliyeona kwamba amechelewa. "Usiku wa leo mrefu, jamani," alikuwa akisema, akivua viatu, nasi tukadhani ni maneno ya mtu aliyechoka. Kwenye sahani alikuta vitumbua viwili vya mwisho, vilivyoungua upande mmoja. Alivila amesimama.

Nilielewa ukubwani, nilipoanza kufanya zamu za usiku mimi mwenyewe. Saa tuliyoilalia sisi, ile iliyorudishwa nyuma usiku ikaanza upya, mama aliifanya kazi mara mbili, kwa miguu ile ile. Tulikuwa watoto, najua, lakini inaniuma hadi leo.

Bibi keshatutoka. Nyumba ile wanapanga wengine, na siku hizi simu zinajibadilisha saa zenyewe. Hakuna tena mtoto wa kupanda kiti. Hata ile ya baba kutupozea chai kwenye kisosi, nimebaki kuwasimulia wanangu, nao wananijibu kwa Kiingereza.

"Muiache tu hiyo ya November," mama akasema ghafla. "Mlikuwa mkifurahi sana."

Kumbe siku zote alijua kwamba saa yetu ya bure aliilipia yeye. Nikaenda jikoni, nikamletea sinia la vitumbua alivyopika shemeji, vinatoa moshi, ili achague yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Akavigeuzageuza kwa ncha ya kidole, akachukua kilichoungua.