Afande Aliyeficha Mikono Mpologoma

Nikisema jambo hili lilinitokea mimi mwenyewe, najua baadhi yenu mtacheka. Chekeni tu. Hata mkwe wangu Musa alicheka, na leo hacheki tena. Mimi si mtu wa kuzua hadithi. Nauza vitenge Jinja, naishi Mpumudde, naswali, na giza halijawahi kunitisha. Wala hapakuwa na giza. Ilikuwa saa tisa alasiri, mchana kweupe, mvua imekatika sasa hivi.

Nianze na gari, maana bila gari hakuna kisa. Marehemu mume wangu aliniachia gari la zamani, la kabureta, lililompita umri binti yetu Sauda. Nalipenda kuliko inavyofaa. Basi likaanza ugonjwa wa ajabu. Unaliwasha vizuri, linakwenda nusu saa, kisha linakohoa, linapiga kwikwi, linazima. Ukikaa robo saa ukawasha tena, linanguruma utadhani halikufanya kitu. Umewahi kuwa na gari la namna hiyo? Linakutia wazimu.

Fundi wangu, Waiswa, alihangaika nalo. Alibadilisha filta, akafungua kabureta akaisafisha, akaweka pampu mpya ya petroli. Siku moja alining'iniza chupa ya petroli juu ya injini, akaiunganisha kwa mpira, na gari likanguruma saa nzima bila kukohoa.

"Hajat, injini iko sawa," akaniambia. "Taabu iko kati ya tanki na pampu." Akapuliza mabomba kwa mdomo mpaka macho yakamtoka. Yalikuwa safi.

Sasa nikiri kosa langu. Kifuniko cha asili cha tanki kilikuwa kimepotea, na kile nilichonunua hakikukaa vizuri. Kwenye kona petroli ilichuruzika, vitenge nilivyobeba vikanuka, wateja wakakunja pua. Nikachukua kaveera, mfuko wa plastiki wa sokoni, nikaukunja mara mbili, nikauweka juu ya mdomo wa tanki, nikazungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, ndipo nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote. Harufu ikaisha kabisa. Nilijisifu wiki nzima! Waiswa aliiona kaveera hiyo, lakini nusu ya magari ya kwetu yana kaveera mahali hapo. Nani angeishangaa?

Sauda ameolewa Nakaloke, karibu na Mbale. Mimba yake ya kwanza ilitunyang'anya mtoto, na yeye mwenyewe alitoka damu nusura afe. Damu yake na yangu ni kundi moja, lile adimu ambalo hospitali hulikosa mara nyingi. Daktari alituonya kwamba safari ijayo mimi mama yake niwe karibu kabla hajajifungua. Sasa mimba ya pili ilikuwa imekaribia siku zake, nami nilipanga kwenda Jumamosi. Alhamisi mchana Musa akapiga simu.

"Mama, uchungu umeanza. Tuko hospitali Mbale. Damu hawana. Njoo, tafadhali."

Majirani waliniambia nipande taksi, yale mabasi madogo ya abiria. Nikawajibu taksi itasubiri ijae, mimi nina gari langu. Ndiyo, kiburi. Nakiri na hicho.

Lilizima mara ya kwanza baada ya Iganga, mara ya pili mbele ya Namutumba, na mara ya tatu katikati ya bonde la Mpologoma. Mnaoijua barabara hiyo mnajua palivyo pale: mpunga kulia, mpunga kushoto, hakuna nyumba, hakuna hata mti wa kujificha mvua. Nilingoja robo saa, nikawasha. Halikuwaka. Nikangoja tena. Betri ikaanza kuzubaa. Nikashuka kupunga mkono mvuani; taksi zilipita zimejaa, zikinirushia maji, hakuna hata moja iliyosimama. Musa akapiga tena: "Mama, uko wapi? Daktari anakuuliza." Nikarudi ndani ya gari. Niliweka kichwa juu ya usukani nikalia kwa sauti.

"Mama, gari nakataa?"

Niliinua kichwa. Dirishani alisimama mwanamume mrefu, amevaa ovaroli ya buluu na kofia ya zamani ya kijeshi. Mikono ameificha nyuma ya mgongo. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, cha wanajeshi. Niwaambie ukweli, nilishika kishikio cha mlango nisimfungulie. Baba yangu, miaka ile wanajeshi walipotawala, alikuwa kila akisikia Kiswahili cha namna hiyo mlangoni anaingia uvunguni mwa kitanda, na sisi watoto tunamfuata. Hofu hiyo haikuwahi kunitoka.

"Imekataa, Afande," nikasema. "Nakwenda Mbale. Binti yangu anazaa na anataka damu yangu."

Uso wake ulibadilika, kama mtu aliyeguswa kwenye kidonda. "Basi kuja haraka. Wacha injini, injini iko mzima. Kuja nyuma."

Nikashuka, nikamfuata mpaka kwenye tanki. Nilidhani atanisaidia, lakini alisimama tu, mikono nyuma. Nikasema moyoni, ama kweli wakubwa hawa, hata hapa anataka kunituma!

"Fungua ile kifuniko. Pole pole. Sikiliza."

Nikazungusha. Wallahi, nilichosikia sijakisahau. Tanki lilivuta pumzi. Lilivuta kwa nguvu, muda mrefu, fyuuuuu, kama mtu aliyezama akaibuka. Kaveera ilikuwa imenyonywa ndani mpaka imekuwa kikombe.

"Umesikia?" akasema. "Wewe nafunga yeye mdomo, halafu nataka yeye atoe petroli. Atatoa namna gani? Petroli ikitoka, hewa lazima iingie. Hewa hapana, petroli nabaki palepale. Pampu navuta, navuta, nachoka."

Nusu saa ya kwenda, robo saa ya kupumzika. Hewa kidogo ilikuwa ikipenya polepole kila niliposimama, na safari hii kaveera iliyolowa ilikuwa imeziba kabisa. Miezi yote ile, pampu mpya na kila kitu, na ugonjwa nimeuweka mimi kwa mikono yangu! Niliing'oa kaveera na ile tyubu.

"Rudisha kifuniko, lakini usikaze sana. Piga stata mara moja tu, halafu ngoja kidogo, halafu piga tena."

Jaribio la pili, gari likawaka. Nilipiga kelele ya furaha. Nikamnyooshea mkono kupitia dirishani nimshukuru. Hakuupokea. Alirudi nyuma hatua moja.

"Mimi sitaki kitu, Mama. Moja tu. Ukifika, rudi hapa kuniambia kama yeye alipona."

"Nitarudi, Afande."

"Wote nasema hivyo," akajibu, bila hasira.

Nikaingiza gia. Ndipo nikagundua kwamba ovaroli yake ilikuwa kavu. Mvua ile ilinilowesha mimi mpaka nguo za ndani, na yeye bega lake lilikuwa kavu kabisa. Nikatazama kwenye kioo. Hapakuwa na mtu. Barabara imenyooka, mpunga hauzidi magoti, angejificha wapi? Na kwenye tope la kando ya barabara zilikuwepo alama za ndara zangu tu, kwenda na kurudi.

Nilikanyaga mafuta. Sijui niliendeshaje, lakini gari halikukohoa hata mara moja mpaka Mbale. Nilifika wakati wanamwingiza Sauda chumba cha upasuaji. Walinilaza, wakanitoa damu, wakampelekea mwanangu. Akazaliwa mtoto wa kike, mzito, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Mama yake akafumbua macho jioni ile ile akaniuliza kwa nini nina tope usoni. Nilicheka na kulia pamoja.

Sasa mnadhani nilirudi kumwambia? Sikurudi. Niliogopa. Safari ya kurudi Jinja nilizunguka njia ya Tororo, na nikaenda kuwatazama tena kwa njia hiyo hiyo. Niliona aibu, lakini woga ulizidi. Mtoto walimpa jina la Salama, ila mimi kila nikimbeba nilimwita Afande, na kila nikimwita moyo ulinichoma.

Mtoto alipotimiza siku arobaini na Sauda akaruhusiwa kutoka, nikawaeleza yote. Musa ndipo alipocheka. Sauda hakucheka. "Mama, uliahidi," akasema. "Twende."

Tulifika Mpologoma mchana. Pembeni palikuwa na mwanamke mzee ameanika mpunga juu ya turubai. Nikamuuliza kama anamjua mtu mrefu wa ovaroli. Aliendelea kugeuza mpunga wake.

"Dereva? Ah, yule ni wa zamani," akasema. "Alikuwa anaendesha lori la jeshi. Siku moja alibeba mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, si mtu wake, alimwokota tu njiani ampeleke Mbale. Mvua ilikuwa nyingi, akafunga tanki kwa kaveera maji yasiingie. Lori likafa hapa. Mwanamke naye akafa, na mtoto tumboni. Dereva akaenda kwa miguu kutafuta msaada, akapotea kwenye maji. Sasa anasaidia watu wenye wagonjwa. Anawaomba warudi kumwambia, lakini nani anarudi? Wanaogopa."

Nikamchukua mtoto, nikasogea mpaka pale gari lilipokuwa limezima siku ile, nikasema kwa sauti, mbele ya mkwe wangu na mpunga wa watu: "Afande, tulifika. Mama amepona. Mtoto huyu hapa."

Alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara. Musa anasema hakumwona mtu, ila maneno ya yule mama yalimkatisha kicheko. Mimi nilimwona kama ninavyouona mkono wangu. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Kisha akaitoa mikono yake nyuma ya mgongo, polepole, mikono myeusi kwa grisi, ile ile iliyofunga kaveera kwenye lori, akaipangusa kwenye ovaroli, akapiga saluti. Lori la mchanga likapita katikati yetu. Lilipokwisha kupita, ng'ambo ile ilibaki mpunga tu. Salama alikuwa akicheka, na mimi nilikuwa nalia mbele ya watu bila haya.

Tangu siku hiyo nikisikia Kiswahili cha kambini sokoni, sitafuti tena pa kujificha. Nageuka kutazama kama ni yeye. Yule mama wa mpunga nimempitia mara nyingi, ananiambia hajasikia tena mtu akimtaja Dereva. Nadhani amepumzika. Namwombea hivyo.

Lakini wewe unayenisikiliza, shika maneno yangu. Kama una gari la zamani, nenda sasa hivi ukatazame mdomo wa tanki lako, na ukikuta kaveera, itoe. Na ukipita Mpologoma ukaona gari limezima na mtu analia juu ya usukani, usimrushie maji ukapita. Simama. Pale hakuna tena mwingine wa kusimama.