Waya wa Mwaija na Baridi ya Mtungi

Kazi ya Mwaija wa Kilole, pale Korogwe, ni kuwapandikizia ng'ombe wa Handeni mbegu za madume bora. Mbegu hizo hukaa kwenye mtungi wa naitrojeni, kimiminika chenye baridi ya karibu nyuzi mia mbili chini ya sifuri. Kikipungua, mbegu zinaharibika. Mwaija, mwanamke asiyekubali kushindwa, akajitengenezea kengele: akazamisha mtungini waya wenye kipimajoto, ili kengele ilie naitrojeni ikishuka.

Safari ya kwanza ilikuwa Sindeni, kwa mzee Leboo. Mwaija alikuwa nyuma ya ng'ombe, mkono umezama hadi kiwikoni, kengele ikalia. Ng'ombe akatimka. Mwaija naye, mkono ukiwa bado ndani, hakuwa na la kufanya ila kutimka naye, mpaka kwenye mahindi ya jirani.

"Mama," mzee Leboo alimwambia kwa upole alipowafikia, "dume langu halikuwa na kengele."

Mtungi ulikuwa umejaa. Kumbe plastiki ya waya ilikuwa imekakamaa kwa baridi, pikipiki ilipourusha mtungi ikapasuka kama ganda la yai, na nyuzi za shaba zilizomo ndani zikagusana, kengele ikalia bure.

Jumamosi yake Mwaija akavaa glovu na miwani, akaketi uani kutafuta kitu cha kuuvika waya kisichopasuka. Kipande cha tyubu ya baiskeli alichokizamisha mtungini kikavunjika kama sahani. Tepu nyeusi ya mafundi umeme ikapukutika. Mumewe, Sadala, akatoka ndani akiangaza huku na huku.

"Mama Ikram, ndala yangu ya kushoto iko wapi?"

"Iko kwenye utafiti."

"Itatoka lini?"

Mwaija akamkabidhi bakuli lenye vipande vitano. Sadala akaenda msikitini na ndala za mkewe, zile za maua.

Mchana huo Gerald, fundi bomba, alikuja kutengeneza koki. Mwaija akamwomba ule utepe mweupe laini wa kuzungushia maungio ya bomba yasivuje, akauviringisha kwenye waya mara nyingi, akauzamisha, kisha akaukunja taratibu. Ukakunjika, haukupasuka. Kengele ilinyamaza mwezi mzima, ikalia siku moja tu, naitrojeni ilipopungua kweli.

Tangu hapo Gerald huwahakikishia wateja wake, huku jasho likiwatiririka kwa joto la Korogwe, kwamba koki alizofunga yeye hazitavuja hata baridi ikifika nyuzi mia mbili chini ya sifuri.